Usifute, Piga Mstari

14 Januari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti chako chenye mguu uliofungwa waya, mkaza mjomba akikuambia ukitengeneze, nawe ukijibu kesho. Mimi mzima. Kikohozi nilichoondoka nacho huko kimeisha. Mama aliniambia kwenye simu kwamba goti lako limeanza tena visa vyake. Usijifanye kijana, paka dawa.

Huku nimehama. Mwenye nyumba wa zamani alitaka nakala ya kibali changu kila mwezi, kana kwamba nalala kwake kwa kuiba. Chumba kipya kina dirisha moja tu, na linatazama karakana ya kuchomea vyuma. Nakuandikia huku cheche zinaruka.

Mjomba, nchi yetu ilipotoka kwenye Jumuiya ya biashara nilidhani hayo ni mambo ya saruji, sukari na matairi. Kumbe na sisi watu wa maabara tumo kwenye orodha. Chuo chenu kimeondolewa kwenye mradi wa mto. Kibali changu sasa ni cha miezi sita sita, na kila mara lazima taasisi iandike barua kueleza kwa nini kazi yangu haiwezi kufanywa na mtu wa nchi mwanachama. Chombo chetu cha kupimia maji kwenye kituo cha juu ya mto kimeharibika, na kipuri kilichotoka kwenye karakana ya huko kwetu kimekwama forodhani mwezi wa tatu huu. Fomu inauliza thamani ya bidhaa, na hakuna anayejua bei ya kipande cha chuma kilichochongwa na fundi kwa ajili ya mashine moja tu duniani.

Sasa shida yenyewe. Halmashauri ya mji wa hapa mpakani inataka kujenga mtambo mpya wa kuvuta maji ya mto. Mdomo wa bomba utawekwa kwenye kina tutakachowaambia sisi. Ukikaa juu mno, kiangazi mji mzima utanyonya hewa. Makala ninaandika mimi, na kwa kuwa kituo cha juu kimekufa, nimebaki na kituo kimoja tu, cha kwako pale darajani, unapousoma ubao wa kina cha maji kila asubuhi. Mkurugenzi wa taasisi anasema takwimu rasmi haziruhusiwi tena kuvuka mpaka. Lakini barua ya mjomba kwa mpwa wake si takwimu rasmi. Naomba uendelee kuniwekea karatasi zako kwenye bahasha kama zamani. Ni kwa kalamu ya risasi na bila kifutio, kama ulivyonifundisha nikiwa na miaka tisa: ukikosea usifute, piga mstari mmoja, andika sahihi pembeni, tia saini. Kosa lazima lisomeke.

Watu wa huku huniuliza kwetu nani walipiga kura ya kutoka. Nawajibu nyumbani kwetu hakuna hata mmoja. Nimesema kweli, sivyo?

Mpwa wako


6 Februari

Marahaba Mama Maswali,

Barua imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi. Kama aliyeisoma anasoma na hii, namsalimu pia, na namwambia goti langu linaendelea vizuri. Mkaza mjomba wako anasema dirisha la cheche si la kukaa karibu nalo, utaharibu macho. Mama yako alikuja Jumapili, akakaa saa nne, akazisema nguo zangu zote moja moja. Ni mzima.

Ofisini kumekuwa kama nyumba iliyohamwa. Gari la mradi lilirudishwa kwa wenyewe, na dereva alilia hadharani, mtu mzima na ndevu zake. Unamkumbuka yule mtaalamu wa samaki, mwenye sauti ya kuamrisha? Vielelezo vyake vya miaka miwili vilisimamishwa mpakani siku tatu mpaka barafu ikayeyuka. Alirudi na ndoo inanuka mtaa mzima, akachimba shimo nyuma ya maabara mwenyewe, akafukia. Hakutaka msaada wa mtu. Siku hizi akikutana na mtu kwenye ukumbi anatazama ukuta.

Karatasi za tangu Novemba mpaka Januari zimo humu. Kuhusu daraja, lipo palepale. Wamelipaka rangi.

Kuhusu kura, kura ni siri, ndiyo maana huwekwa kwenye sanduku wala si kwenye bahasha. Kula vizuri.

Mjomba wako, Mzee Sentimita


19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Ahsante kwa karatasi, na za Februari nazo nimezipata. Mwambie mkaza mjomba nimetundika pazia, cheche sizioni tena, nabaki kusikia kelele tu. Jino moja nimeng'olewa. Kibali nimepewa hadi mwisho wa Oktoba, baada ya kukaa kwenye benchi la uhamiaji siku mbili na profesa mmoja wa hisabati ambaye muda wote alikuwa anasahihisha mitihani ya wanafunzi kwenye mapaja yake. Naye ni wa kwetu. Hatukusemezana sana. Ukikaa kwenye benchi lile hutaki mtu akukumbuke.

Makala nimeipeleka kwenye jarida la taasisi. Namba zako zimetulia vizuri kabisa, Mjomba, wakati huku wote tunalalamika mvua zimekimbia. Mhandisi wa halmashauri alikuwa na wasiwasi. Nilimwonyesha karatasi zako, akatulia.

Karatasi zenyewe ni safi mno siku hizi. Hakuna tope, hakuna mstari hata mmoja wa kukosea. Niseme mkaza mjomba anakunakilia, au umezeeka vizuri?

Nina haraka, samahani kwa ufupi.

Mpwa wako


2 Mei

Marahaba mwanangu,

Sisi hatujambo. Mama yako alikuwa na homa, imepita. Jirani amenunua jogoo asiyejua saa, anawika saa nane mchana.

Mkutubi wa chuo ananijua, alinichapia makala yako. Kurasa kumi na moja. Nimeisoma yote, hata sehemu za hesabu, kwa kidole. Umeandika vizuri. Mchoro wa pili, ule wenye mstari unaopanda na kushuka polepole, nimeutazama sana.

Nilitafuta jina langu mwanzoni, nikalitafuta na mwishoni kwenye shukrani. Kwenye makala zote sita zilizopita lilikuwapo, hata kama ni mwishoni kwa maandishi ya sisimizi. Safari hii imeandikwa "namba za kituo cha daraja", basi, kana kwamba daraja linajua kusoma. Mkaza mjomba wako amekasirika, anasema atakupigia simu. Nimemzuia. Si kitu. Usilifikirie hilo.

Karatasi za Machi na Aprili zimo.

Mjomba wako


18 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nimeshika kalamu mara nne. Sitaanza na hali ya hewa.

Jina lako nililitoa mimi. Kanuni mpya ya fedha za utafiti inasema hakuna mshirika wa nje ya Jumuiya anayeruhusiwa kutajwa. Mkurugenzi aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema kwa upole: futa jina, baki na namba, namba hazina uraia. Nilikuwa na fomu ya kibali kwenye mkoba. Nilirudi mezani, nikaweka kidole kwenye kitufe, nikafuta. Sikupiga mstari. Nilifuta, kusibaki hata alama. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Nilikuandikia barua ya Machi siku ileile, nikakutania kuhusu usafi wa karatasi, na sikusema lolote. Wewe ndiye uliyenishika mkono pale darajani nisianguke nilipoinama kuutazama ubao. Sina uso wa kukuomba radhi kwa barua, lakini sina pia kibali cha kuvuka nikaja. Nikivuka kabla ya Oktoba, huenda wasiniruhusu kurudi.

Nitaandika kwa jarida kuomba jina lirudishwe. Wakininyima kibali, basi.

Naona haya, Mjomba. Nikiiona makala ile mezani naifunika na gazeti.

Mpwa wako


11 Juni

Marahaba mwanangu,

Nimekusamehe kabla hujaomba, na mkaza mjomba wako naye ameshapoa, ingawa bado anapika kwa kugongesha sufuria. Kazi yako ndiyo inayokulisha. Usiende kuvuruga mambo kwa ajili ya jina la mzee. Nasema kwa uzito, usilirudishe jina langu kwenye makala ile. Ukifanya hivyo utaniudhi kuliko ulivyoniudhi.

Acha makala ilale ilivyo. Ukipata kazi nyingine yenye kituo kingine, ifanye.

Dereva wa zamani ameanza kufundisha watu kuendesha. Amegonga nguzo moja tu mpaka sasa.

Karatasi za Mei zimo, na za Juni mpaka leo.

Mjomba wako


27 Juni

Shikamoo Mjomba,

Natumaini wote wazima.

Tarehe tisa Juni nilikuwa darajani. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimebakiza hatua mia mbili kufika kwenu na nisingeweza kuzitembea, na nilijua ukisikia ungekuja kusimama upande wa pili tutazamane kama watu wa kesi. Nilikwenda na mhandisi wa halmashauri. Askari wa upande wa huku walituruhusu kufika kwenye nguzo ya kwanza. Kutoka hapo niliutazama ubao wako kwa darubini, saa moja kamili asubuhi, saa yako.

Karatasi yako ya tarehe tisa Juni inasema mita moja na sentimita arobaini na mbili.

Mimi nilisoma sentimita sitini na moja. Mhandisi naye alitazama, akasoma sitini na moja. Sehemu ya juu ya ubao imekauka mpaka rangi inabanduka. Sikukuona, Mjomba. Nilikaa mpaka saa tatu na hukuja.

Niambie ubao umehamishwa. Niambie umeinuliwa, au umegongwa na gogo ukakaa vibaya, nitaamini. Mhandisi anaamini darubini yangu mbovu, kwa sababu nilimwambia hivyo, nami nilijua si mbovu. Wataanza kuchimba katikati ya Agosti.

Mpwa wako


25 Julai

Mjomba, shikamoo.

Sijapata jibu. Mama anasema upo, unakula, ila umekuwa mkimya. Mafundi wamekwisha leta mabomba, yamelala kando ya barabara.

Nakusubiri.


3 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba ya shikamoo yako nitaipokea siku nyingine. Leo sistahili.

Ubao haujahamishwa. Uko pale nilipoufunga kwa mikono yangu.

Novemba, wiki ile ya kutoka, nilikwenda kama kawaida. Baiskeli, buti, ubao wa kuandikia, kalamu sikioni. Nikakuta geti, na mstari wa manjano ambao rangi yake ilikuwa bado mbichi. Askari akaniambia, "Mzee, rudi nyuma ya mstari." Nikamweleza kwamba nguzo yangu ni ya pili, hatua arobaini tu, nasoma naondoka, nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Akauliza, "Una kibali cha kupima? Unampimia nani?" Ofisi ilikuwa imeshafuta mradi. Gari limerudi, mkuu wangu ameambiwa asiandike barua yoyote. Sikuwa na jina la kumtajia. Nikasema nampimia mpwa wangu.

Kulikuwa na foleni ndefu, watu na mizigo yao. Wakacheka. Hawakuwa na ubaya, ilikuwa inachekesha. Nikageuza baiskeli. Njiani buti zilikuwa kavu, nikaona aibu kuingia nyumbani na buti kavu, nikazichovya kwenye mtaro. Mkaza mjomba wako akazisugua kama kawaida. Nimezichovya kila siku tangu Novemba.

Kisha nikakaa ofisini na madaftari yangu ishirini na sita. Kwa kila tarehe nikatafuta nilisoma ngapi miaka yote, nikajumlisha, nikagawa, nikaandika. Nilijiambia ni kwa wiki moja, mpaka kibali kitoke. Mto nauelewa, hautanitupa. Ndiyo maana karatasi zilikuwa safi. Mtu hakosei anaponakili kichwa chake. Ulipoandika kwamba ni safi mno, nilifikiri umejua. Nikataka uwe umejua.

Utauliza kwa nini sikukuambia nimefukuzwa. Wewe umeuliza maswali maisha yako yote, na moja nilikukwepa kwa mzaha. Nilipiga kura ya kutoka.

Unaukumbuka ule mkutano wa mradi, meza ndefu yenye chupa za maji? Kila mtu alikuwa na kadi mbele yake, jina na cheo. Mbele yangu palikuwa na kadi inayosema "Msaidizi wa Uwanjani". Kwenye meza nzima ni mimi tu sikuwa na jina. Wageni walinisemesha kwa ishara kama bubu. Nawe ulikaa viti vitatu kutoka kwangu. Nilirudi na ile kadi mfukoni. Kura ilipokuja nikasema ngoja watoke hawa, waone kama mto utapimika bila sisi. Na kweli haukupimika. Hata mimi sikuweza kuupima. Ningekuambiaje nimezuiwa na geti nililolipigia kura mwenyewe?

Uliponiandikia kwamba umefuta jina langu, mkaza mjomba wako alilia. Mimi nilishusha pumzi. Nilifurahi, mwanangu. Ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote, kwamba uliomba radhi ukiwa umeinamisha kichwa, nami nikakuacha uiname, kwa sababu ilinifaa.

Zuia mabomba yale. Na jina langu sasa lirudishe. Kwenye sifa sikuwamo, basi kwenye kosa niwemo. Andika nilitunga. Andika kwa maandishi makubwa.

Mjomba wako


30 Agosti

Shikamoo Mjomba. Naisema, na nataka uipokee.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tatu, mafundi walikuwa wamechimba siku moja. Nilikwenda kwa mhandisi moja kwa moja, hata viatu sikubadili. Hakuniuliza mengi. Alikumbuka darubini. Aliniambia, "Ulinidanganya mchana kweupe, daktari," akapiga simu, wakasimamisha. Shimo wameliwekea uzio. Watapima wenyewe mpaka kiangazi kiishe ndipo waamue kina. Watu wa mji watachelewa kupata maji mwaka mzima, lakini yakija yatakuwa maji.

Kisha Mkurugenzi. Akasema jambo hili ni rahisi. Andika tu kwamba namba zilizotoka nje ya Jumuiya hazikuaminika, tumeziondoa. Hakuna haja ya majina. Kila mtu atatikisa kichwa na kusema unaona, watu wa kule, na wewe kibali chako kitabaki salama. Nataka ujue kwamba sikukataa palepale. Nilikaa ofisini kwake karibu nusu saa nikitazama kalenda yake, na nilikuwa nakubali. Kilichonizuia si ushujaa. Ni ile kadi.

Kadi ile, Mjomba, niliiandika mimi. Mimi ndiye niliyepewa orodha ya wajumbe kuchapa. Nilifika kwenye jina lako nikasita, kwa sababu natumia jina la ukoo wa mama, nalo ndilo lako, na wenzangu wangesema nimemleta ndugu yangu mezani. Nikaandika "Msaidizi wa Uwanjani". Na siku ile kwenye meza nilikuona ukiisoma. Nilikuona. Nikajimiminia maji.

Kwa hiyo kura yako naijua ilikotoka, na jina lako nilikuwa nimelifuta zamani kabla ya makala.

Tangazo limetoka kwenye jarida, nakutumia nakala. Limesema hivi: namba za kituo cha daraja, kuanzia Novemba, hazikusomwa kwenye ubao, zilitungwa na msomaji wa kituo baada ya kuzuiwa mpakani. Mwandishi wa makala aliona karatasi ni safi kupita kiasi akanyamaza kwa kuwa zilimfaa. Aliondoa jina la msomaji kwa hiari yake. Alipousoma ubao mwenyewe kwa darubini alificha alichokiona kwa wiki tisa. Chini yake kuna majina yetu mawili, yote kamili, la kwako kwanza kwa kuwa wewe ni mkubwa. Makala yenyewe niliwaomba wasiiondoe. Imebaki pale na mstari mmoja juu ya kila ukurasa, inasomeka.

Kibali hakitaongezwa. Mkurugenzi alinipa mkono, akasema ni kanuni tu. Oktoba nitakuja na masanduku mawili, na sijui chuo chenu kitanipokea au kitatazama ukuta kama yule mtaalamu wa samaki. Mama bado sijamwambia. Naogopa kupita barabara ile ya kutoka darajani hadi nyumbani mchana.

Kama kitanda changu bado kipo, niambie. Kama hakipo, nitaelewa.

Mpwa wako


24 Septemba

Marahaba mwanangu, marahaba.

Mama yako nimemwambia mimi, yote, kuanzia kura. Alinisema saa nzima akiwa amesimama, kisha akaketi, akaniuliza umekonda au hujakonda. Nimemjibu kwenye barua huonekani.

Tangazo mkutubi alinichapia kabla nakala yako haijafika. Alinipa bila kunitazama, karatasi imekunjwa. Nimelisoma nikiwa nimesimama kati ya rafu. Ofisini mkuu amenitaka niandike maelezo, nimeandika. Huenda wakanistaafisha mapema. Watu wawili wameacha kuniita Mzee Sentimita, na nimegundua nililipenda jina lile.

Kuhusu kadi, nimesoma mara mbili. Sitakuandikia si kitu. Nilishawahi kukuandikia si kitu na nilikuwa nasema uongo. Iliuma, na leo imeuma upya. Kadi yenyewe bado ninayo. Ukija utaichukua uiweke wewe, mimi nimechoka kuitunza.

Leo nimekwenda darajani. Nimekaa kwenye foleni na wenye mizigo, saa mbili nzima, goti likiimba. Askari ni yuleyule. Nikamwambia sina kibali, sina ofisi, sina gari, naomba kusoma ubao ulioko nguzo ya pili na atakuwa ananiona. Akaniuliza tena nampimia nani. Nikamwambia mpwa wangu. Akachukua kitambulisho changu, akasema, "Dakika tano, mzee." Wa nyuma yangu hawakucheka. Walikuwa wanataka foleni isogee.

Mto umekwisha, mwanangu. Nilikuwa nikiuandika mzima mezani, na huku chini umebaki mawe na njia ya maji mtu anaweza kuruka. Nilisimama pale nikaona haya mbele yake kama mbele ya mgonjwa ambaye sikwenda kumtazama.

Kitanda kipo. Mkaza mjomba wako ameanua godoro leo baada ya kulianika siku mbili. Kiti nimekitengeneza mguu. Pita barabara ile mchana, nitakuja kukupokea getini, tupite wote.

Karatasi ni moja tu, imo humu, samahani kwa tope. Mwanzo niliandika hamsini na nane, kwa kuwa macho yalikuwa na maji. Nikafuta miwani, nikatazama tena, nikapiga mstari mmoja, pembeni nikaandika hamsini na tatu. Kwenye nafasi ya msomaji nimetia saini. Kwenye nafasi ya mpokeaji nimeacha wazi, utatia ya kwako ukifika.

Mjomba wako